Jina lenye ritifaa linaharibu uzito wa pamba: nafasi ya herufi 20 inafurikaje kwa jina la herufi 19?

karani_wa_mizani aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki nzima. Ninatunza programu ndogo ya lugha ya C inayotumiwa na chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, cha wakulima wa pamba huku Kanda ya Ziwa. Programu husoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali, hunakili jina la mkulima kutoka kwenye orodha ya wanachama, huchapa stakabadhi, kisha huhifadhi rekodi kwenye faili kwa kutumia fwrite. Misimu miwili ilifanya kazi bila malalamiko. Msimu huu wakulima watatu wamerudi na stakabadhi zenye uzito ambao hauwezekani kabisa: mmoja alileta kilo 48.5, stakabadhi ikaandika kilo 0.097.

Sehemu inayohusika ni hii:

```
struct mkulima {
    char    jina[20];
    int32_t gramu;
};

m->gramu = soma_mizani();
strcpy(m->jina, mstari);
```

Ninafahamu kwamba strcpy, fanksheni ya kunakili maandishi, haipimi nafasi, na kwa sababu hiyo nilihesabu majina kabla ya kuamua ukubwa. Kwa kulinda heshima ya mkulima sitaandika jina lake, ila umbo lake ni kama hili: Ng’wana Mfano Pamba. Hizo ni herufi 19 pamoja na nafasi tupu na ritifaa (ile alama ya juu katika Ng’wana), na nikiongeza sifuri ya kufunga, inayoonyesha mwisho wa maandishi katika C, ninapata 20 kamili. Nilipoliandika jina hilo mwenyewe kwa kibodi ili kujaribu, uzito ulitoka sahihi. Likisomwa kutoka kwenye orodha, uzito unaharibika. Mizani imekaguliwa na haina kasoro. Nimekosea wapi?

mpita_njia_wa_msimbo alijibu:

Ndugu karani, pole kwa usumbufu. Ondoa strcpy na uweke strncpy(m->jina, mstari, 20). Hiyo haiwezi kuandika zaidi ya baiti 20, kwa hiyo gramu zitakuwa salama.

mtunza_kumbukumbu alijibu:

Ndugu karani, swali lako umeliuliza vizuri, kwa sababu umeweka muundo wenyewe na umetaja uzito kabla na baada ya kuharibika. Namba hizo mbili zinatosha kuonyesha kilichotokea, na ninaomba uzifuate pamoja nami hatua kwa hatua, maana ukishaliona kosa hili kwa macho yako hutalisahau.

Umehesabu herufi, lakini kompyuta huhesabu baiti. Katika usimbaji wa UTF-8, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti, herufi zote tunazotumia kuandika Kiswahili na Kisukuma hukaa katika baiti moja kila moja, na ritifaa iliyonyooka, ile inayopatikana moja kwa moja kwenye kibodi, nayo ni baiti moja. Ritifaa iliyopinda ni alama nyingine kabisa. Inachukua baiti tatu: E2, 80 na 99. Nina hakika orodha yako ya msimu huu iliandikwa kwa programu ya kuandikia nyaraka, ambayo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi, kisha ikahamishiwa kwenye faili la maandishi. Hata katika swali lako hapo juu ritifaa ya jina la mfano imepinda. Kwa hiyo jina ulilohesabu kuwa 19 lina baiti 21, na pamoja na sifuri ya kufunga strcpy inaandika baiti 22 mahali penye baiti 20.

Baiti mbili zilizozidi zinaangukia kwenye gramu, kwa sababu ndiyo jirani wa jina ndani ya muundo. Kilo 48.5 ni gramu 48500, ambazo kwa mfumo wa kumi na sita ni BD74. Mashine zetu nyingi, za x86 na za ARM, huhifadhi baiti ndogo ya namba kwanza, kwa hiyo kwenye kumbukumbu palikuwa na 74, BD, 00, 00. Herufi ya mwisho ya jina, ambayo ni a, imeandikwa juu ya 74, na sifuri ya kufunga imeandikwa juu ya BD. Thamani ya herufi a ni 97. Sehemu iliyobaki ni sifuri tupu, na hivyo mkulima wako akapewa gramu 97. Uzito uliosomeka kwenye stakabadhi ulikuwa herufi ya mwisho ya jina lake.

Kuhusu ushauri uliotangulia, ninaheshimu nia njema ya aliyeutoa, lakini siukubali. Ni kweli kwamba strncpy haitaandika zaidi ya baiti 20. Lakini chanzo kikiwa na baiti 20 au zaidi, fanksheni hiyo haiweki sifuri ya kufunga kabisa. Baadaye utakapochapa jina kwa %s, printf itaendelea kusoma ndani ya gramu ikitafuta sifuri. Baiti 20 za mwanzo za jina lako zinaishia kwenye Pamb, kisha inafuata 74, ambayo ni herufi t, kisha BD, ambayo haisomeki peke yake. Stakabadhi itaandika Pambt na alama chafu mbele yake. Tutakuwa tumeondoa kosa kwenye kuandika na kulipeleka kwenye kusoma. Fanksheni hiyo ilikusudiwa kwa sehemu za rekodi zenye urefu maalumu, kama majina ya mafaili ya baiti 14 katika saraka za Unix ya zamani, ambako jina lililojaa halikuhitaji sifuri. Kwa maandishi ya kawaida ya C haifai, ingawa jina lake linamfanya mtu aamini kwamba ni strcpy iliyo salama.

Ninachokushauri ni kwamba kila fanksheni inayoandika maandishi ipewe ukubwa wa mahali inapoandika, na iwe na jibu la wazi pale ambapo maandishi hayaingii:

```
int nakili(char *mahali, size_t ukubwa, const char *chanzo)
{
    size_t urefu = strlen(chanzo);
    if (urefu >= ukubwa)
        return -1;
    memcpy(mahali, chanzo, urefu + 1);
    return 0;
}
```

Zingatia kwamba ulinganisho ni >= wala si >, kwa sababu strlen haihesabu sifuri ya kufunga. Kosa la baiti moja hutokea hapo mara nyingi, pamoja na ndugu yake wa kuomba kumbukumbu kwa malloc(strlen(s)) bila kuongeza moja.

Je, jina lisipoingia ufanye nini? Hili ni swali la kazi yako, halihusu lugha ya C peke yake, na ndilo ambalo majibu mengi hulipita. Kukata jina kimyakimya kunaweza kufanya wanachama wawili wa ukoo mmoja waonekane mtu mmoja kwenye daftari la malipo. Kwa rekodi ya fedha mimi ningeikataa rekodi, nionyeshe ujumbe kwa karani, na nisihifadhi chochote mpaka jina lirekebishwe. Sehemu yenyewe pia uipanue, iwe hata baiti 64. Lakini tahadhari: unahifadhi muundo mzima kwa fwrite, kwa hiyo mafaili ya misimu iliyopita yana rekodi za baiti 24, na ukibadilisha ukubwa wa jina programu mpya itayasoma yakiwa yamepishana. Andika kwanza programu ndogo ya kuhamisha rekodi za zamani kwenda muundo mpya.

mwalimu_wa_maabara alijibu:

Ninaunga mkono hesabu za mtunza_kumbukumbu, na ningependa kuongeza mambo ambayo hayakuguswa.

La kwanza ni kwamba kosa hili halikomei kwenye kuharibu takwimu. Bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu inayopokea maandishi, ikiwa ni kigeu cha ndani ya fanksheni, kinachoweza kuandikwa upya kwa kufurika ni anwani ambayo fanksheni itarejea ikimaliza kazi, na anayechagua maandishi anaweza kuchagua anwani hiyo. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyokuja kuitwa mnyoo wa Morris ilisambaa katika mtandao wa intaneti wa wakati huo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa fingerd, huduma ya kutoa taarifa za watumiaji wa kompyuta, iliyosoma ombi kwa gets ndani ya bafa ya baiti 512. Fanksheni ya gets haina namna yoyote ya kuambiwa ukubwa wa bafa, kwa hiyo hakuna namna ya kuitumia kwa usalama, na ilichukua hadi kiwango cha C cha mwaka 2011 kuiondoa kabisa. Ukiikuta popote katika msimbo uliorithi, weka fgets mahali pake siku hiyohiyo. Vivyo hivyo scanf yenye %s bila upana ni gets iliyovaa nguo nyingine. Kwa safu ya herufi 16 andika %15s, ukiacha nafasi ya sifuri.

Hujatuonyesha jinsi mstari unavyosomwa. Kama ni kwa fgets, hakikisha kwamba mstari uliosomwa una alama ya mstari mpya mwishoni. Usipokuwa nayo, na faili halijaisha, basi mstari ulikuwa mrefu kuliko bafa, na kipande kilichobaki kitasomwa kama jina la mkulima anayefuata. Nimewahi kusahihisha kazi za wanafunzi ambapo orodha ya watu 30 ilitoa watu 31 kwa sababu hiyo.

Mahali unapounganisha maneno na namba, sprintf iondoke na snprintf ichukue nafasi. Ipo tangu C99, huweka sifuri ya kufunga maadamu ukubwa si sifuri, na hurejesha idadi ya baiti ambazo zingeandikwa kama nafasi ingetosha. Thamani hiyo ndiyo yenye faida, kwa hiyo usiitupe: ikiwa hasi kuna kosa, na ikiwa sawa na ukubwa au zaidi maandishi yamekatwa. Wapo wanaopendelea strlcpy na strlcat, zilizotoka katika mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1998. Zinafaa, na hatimaye glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, ilizipokea katika toleo la 2.38 mwaka 2023, ila kompyuta nyingi za ofisini bado zina matoleo ya kabla ya hapo. Kuhusu strncat, inayounganisha maandishi, kumbuka kwamba namba yake ni idadi ya baiti za kuongeza, wala si ukubwa wa bafa nzima. Wengi huandika sizeof hapo na kufurika vilevile.

Jambo la mwisho ni vifaa vya kukagua. Kwa kawaida ningemwambia mtu atumie -fsanitize=address, bendera ya kompaila inayotafuta makosa ya kumbukumbu, na bado ninakushauri uitumie unapofanya majaribio. Lakini kwa kosa hili mahususi isingekusaidia, kwa sababu huweka maeneo ya ulinzi kati ya kitu na kitu, wala haiweki chochote kati ya sehemu za muundo mmoja. Jina lako lilifurika ndani ya mkulima yuleyule, na hapo mlinzi huyo haoni kitu. Bendera ya -D_FORTIFY_SOURCE=2 pamoja na -O2 ndiyo inayozingatia mipaka ya sehemu ya ndani kwa fanksheni za maandishi, na programu ingesimamishwa pale pale badala ya kuchapa stakabadhi ya uongo. Programu iliyosimama humlazimu karani kupiga simu. Stakabadhi ya uongo inaondoka na mkulima.

karani_wa_mizani aliandika tena:

Ninawashukuru sana, wakubwa zangu. Ni kweli, orodha ya msimu huu iliandikwa na katibu kwa programu ya nyaraka; misimu iliyopita majina yaliingizwa kwa kibodi. Nimeongeza hatua inayobadilisha ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka wakati wa kusoma, na nimeweka snprintf. Sasa uzito ni sahihi, lakini majina yote yanakatika. Ng'wana Mfano Pamba inachapwa Ng'wana tu. Fanksheni yangu ni hii:

```
void weka_jina(char jina[20], const char *chanzo)
{
    snprintf(jina, sizeof jina, "%s", chanzo);
}
```

Nina swali jingine pia. Printa yetu ya stakabadhi, ya karatasi ya milimita 58, ina nafasi 32 za herufi kwa mstari. Hapo sina budi kukata jina refu. Nikate vipi bila kuharibu?

mtunza_kumbukumbu alijibu:

Namba 20 uliyoandika ndani ya mabano ya mraba ni pambo. Safu ikipitishwa kwenye fanksheni hugeuka kuwa kielekezi (yaani anwani) cha kitu chake cha kwanza, kwa hiyo sizeof jina hapo ni ukubwa wa kielekezi, yaani baiti 8 katika mashine ya biti 64. Baiti saba za maandishi na moja ya sifuri: Ng'wana ina saba kamili. Kompaila ya GCC hutoa onyo kuhusu jambo hili hata bila kuombwa, na ninakusihi urudi kuyasoma maonyo yote ambayo kompaila yako imekuwa ikiyatoa, ukiwasha na -Wall na -Wextra. Ukubwa uhesabiwe mahali ambapo safu bado ni safu, kisha upitishwe kama hoja: nakili(m->jina, sizeof m->jina, mstari).

Kwa printa, kukata kunakubalika, kwa kuwa stakabadhi ina namba ya mwanachama na rekodi kamili ipo kwenye faili. Lakini usikate katikati ya alama yenye baiti nyingi. Kila baiti ya kuendeleza alama katika UTF-8 huanza na biti mbili, 1 kisha 0, kwa hiyo unarudi nyuma hadi mwanzo wa alama:

```
void kata(char *s, size_t kikomo)
{
    if (strlen(s) <= kikomo)
        return;
    while (kikomo > 0 && ((unsigned char)s[kikomo] & 0xC0) == 0x80)
        kikomo--;
    s[kikomo] = '\0';
}
```

Umerekebisha ritifaa, lakini kesho litakuja jina la mwanachama lenye alama ya lugha nyingine, na ni afadhali fanksheni iwe tayari.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ni zito kuliko msimbo. Wakulima watatu walirudi kwa sababu uzito wao ulikuwa wa ajabu. Wapo ambao hawakurudi. Jina lenye baiti 20 kamili linaandika sifuri ya kufunga tu juu ya baiti ndogo ya gramu: 48500 inakuwa 48384, na mkulima anapoteza gramu 116 bila yeyote kuona. Jina la baiti 22 linaloishia kwa herufi mbili ndogo ni baya zaidi, kwa sababu herufi hizo mbili zikisomwa kama gramu hutoa kati ya kilo 24.9 na kilo 31.4, uzito ambao hakuna karani atakayeutilia shaka, hata kama mkulima alileta kilo 60 au kilo 10. Rekodi hizo unaweza kuzitambua. Soma mafaili ya msimu kwa muundo wa zamani, na kwa kila rekodi uliza kama memchr(r.jina, 0, 20) inarejesha NULL. Jina lisilo na sifuri ndani ya baiti zake 20 ni jina lililofurika. Uzito wenyewe hautaweza kuurudisha kutoka kwenye faili, kwa kuwa baiti za awali zimefutwa. Itabidi utumie daftari la mizani lililoandikwa kwa mkono.

mwalimu_wa_maabara alijibu:

Niongeze kidogo tu. Kama chama kinawatumia wakulima ujumbe mfupi wa simu, angalia kama kuna mahali umeandika char ujumbe[160]. Ujumbe wa herufi 160 unahitaji baiti 161 katika C. Tena ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti ya kawaida ya ujumbe wa simu, kwa hiyo ikiingia hata moja, ujumbe mzima hubadilishiwa usimbaji na kikomo chake kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na chama kinalipia jumbe mbili au tatu kwa kila mkulima.

karani_wa_mizani aliandika tena:

Nimekagua mafaili yote ya msimu. Rekodi zilizofurika ni tisa. Tatu ni za wale waliorudi. Nne zina baiti 20 kamili, na upungufu wake haufiki robo kilo kwa kila moja. Mbili zina baiti 22: moja ilisomeka kilo 24.9 wakati daftari linasema 57.2, na nyingine ilimwongezea mkulima kilo 6. Nimempelekea mwenyekiti orodha hiyo pamoja na kurasa za daftari la mizani, na wakulima wote tisa wameitwa ofisini Jumatatu. Mahali pa ujumbe palikuwa na 160 kama ulivyohisi, ndugu mwalimu, na nimepabadilisha.